Kuelekeza au Kupeleka

Jumatatu, 29 Septemba 2025

Wiki ndiyo kwanza inaanza na mimi nimeshachoka.

Kikao cha asubuhi kwenye skrini – Kisumu, Mwanza, Mbale, na sisi Jinja. Faizal, mkuu wetu wa mtandao, ametangaza kwamba mwongozo wa mafundi utaandikwa upya kwa Kiswahili. Mafundi wapya wa Kisumu na Mwanza wanaelewana zaidi kwa Kiswahili kuliko kwa Kiingereza, na kosa dogo la kutoelewana linaweza kuwazimia watu video mji mzima. Sawa. Hilo sikulipinga. Halafu akasema sura ngumu kuliko zote, ile ya jinsi maombi ya watumiaji yanavyopangiwa seva, niichukue mimi.

Kwa nini mimi? Kwa sababu mimi ni Mnubi wa Walukuba, hapa Jinja. Kiswahili nimekua nacho nyumbani pamoja na Kinubi, na wenzangu wengi wa Uganda wanakikwepa. Faizal ni mtu wa Mombasa anayeishi Kisumu. Hajui kwamba huku kwetu kukijua Kiswahili vizuri si sifa kila mahali. Nikakubali. Sina nguvu za kubishana siku ya Jumatatu.

Daphine, fundi mwenzangu hapa Jinja, aliniangalia kwa huruma. Akasema nimejitwika mzigo.

Mvua imeninyeshea kwenye boda. Baba alikuwa hajala. Nimepika, nimefua soksi zake, mgongo unauma. Basi.

Jumatano, 1 Oktoba 2025

Leo nimejaribu kuiandika kazi yetu kwa maneno ya nyumbani, nione kama mimi mwenyewe naielewa.

Tunaweka nakala za video kwenye seva za miji kadhaa, ili zisitoke mbali kila mtu anapozitaka. Mtu wa Wanale, mlimani juu ya Mbale, akigusa video kwenye simu, simu inatuma ombi. Hapo lazima kitu kiamue – ombi hili lijibiwe na seva ipi? Ya Mbale, maana iko karibu? Au Mbale imelemewa, basi Jinja? Huko kuamua ndiko sura yangu.

Shida ni kwamba njia ni mbili. Ya kwanza, mfumo unaijibu simu: nenda kwenye seva fulani. Simu inakwenda yenyewe. Ya pili, simu haiambiwi kitu. Mtandao unalichukua ombi na kulitia unakotaka, mwenye simu hajui lolote. Ni vitu viwili tofauti kabisa. Ukivipa jina moja, fundi atafanya hiki akidhani ameambiwa kile.

Nikaandika *kuelekeza* kwa njia ya kwanza. Kwa ya pili nikaandika *kupeleka*. Rahisi. Mtoto wa darasa la pili anaelewa. Nikajisikia mjanja kidogo, nikanywa chai.

Baba aliuliza ninaandika nini, nikamsomea. Akataka kujua ni ombi gani hilo, watu wanaomba nini. Nikamwambia video. Akasema kuomba ni kwa Mungu, video mtu anaitaka tu. Tukacheka. Lakini ombi nimeliacha, kila mtu ameshalizoea.

Umeme ulikatika jioni. Nalala mapema, bado nimechoka.

Ijumaa, 3 Oktoba 2025

Kikao cha maneno. Nilidhani kitakwisha upesi.

*Kuelekeza* limepita bila maneno mengi. Nilipofika kwenye *kupeleka*, Mzee Wangila akainua mkono. Huyu ndiye mkuu wa kituo cha Mbale. Mtu mpole, karibu anastaafu, kazi yake safi. Vikaoni anasema Kiingereza tu. Kiswahili anakisikia, hiyo najua, maana anacheka mahali pa kucheka. Lakini hakitoki mdomoni mwake hata siku moja.

Akasema neno hilo hapana. Faizal akamuuliza kwa nini. Akasema ni neno baya. Baya vipi? Faizal akasubiri, kisha akauliza kwa upole kama ni baya kwa Kilumasaba, lugha ya kwao, labda lina maana ya matusi. Wangila akasema si matusi. Akaomba tu litafutwe lingine.

Tukaanza kuokota maneno. Kusukuma – tayari tunalitumia kwa nakala mpya zinazosambazwa kwenye seva. Kuhamisha – hilo ni la seva nzima kuhamia kwingine. Daphine akasema kusindikiza. Kabula, yule dada wa Mwanza anayeongoza kituo chao, akacheka sana, akasema mgeni unamsindikiza hadi barabarani halafu unarudi zako nyumbani, sasa ombi litaachwa njiani? Kila mtu akacheka. Wangila hakucheka.

Mwishoni Faizal akaamua: *kupeleka* litumike kwa muda, na kuanzia Jumatatu simu zote za kazi ziwe kwa Kiswahili, kwa maneno ya rasimu, tuone yanakaaje mdomoni. Kura baadaye.

Baada ya kikao Wangila aliniandikia kwenye simu. Kiingereza, mstari mmoja. Ananisihi nitafute neno jingine. Nikamuuliza sababu. Alama za kuonyesha ameona, jibu hakuna.

Nimekasirika, nasema ukweli. Nilijiambia ni yale yale. Mwaka jana sokoni Mbale niliuliza bei ya vitunguu kwa Kiswahili, mama muuzaji akaniuliza, wewe afande? Wanacheka, lakini hawacheki. Kiswahili kwao ni cha askari na cha wezi. Sasa na mzee msomi kama Wangila naye?

Jumanne, 7 Oktoba 2025

Siku mbaya.

Mchana Mbale ilianza kupata joto. Kipoza hewa cha chumba cha seva kilikufa. Na wakati huo huo kulikuwa na mafunzo ya moja kwa moja ya wakunga, daktari anafundisha kwenye video jinsi ya kumzuia mzazi asivuje damu, wakunga wa zahanati za mlimani wanaangalia kwa simu zao. Wote wanahudumiwa na Mbale.

Kilichotakiwa ni kimoja tu: maombi yote ya Mbale yaje Jinja. Kwa kawaida nafanya mwenyewe nikiwa hapa. Lakini kifaa kinachonipa njia ya kuingia Mbale kwa mbali kilikuwa kimezimika kwa joto. Ilibidi mtu aliye pale abonyeze. Mtu aliye pale ni Wangila.

Nikampigia. Simu inarekodiwa, kama Faizal alivyotaka. Kwa Kiswahili, kama Faizal alivyotaka.

"Mzee Wangila, seva zinaungua," nikasema. "Peleka Jinja. Peleka yote Jinja, sasa hivi."

Nikasikia anapumua.

"Unanisikia? Peleka Jinja."

Simu ikagonga kitu, nadhani meza. Haikukatika. Nilisikia king'ora cha joto, halafu mlango. Nikaita jina lake, nikaita tena. Daphine akaja kusimama nyuma yangu. King'ora kiliendelea hadi chenyewe kikanyamaza, maana seva zilikuwa zimezimika.

Nyingine ziliwaka tena baadaye. Mbili hazikuamka. Wakunga walibaki na picha ya daktari iliyoganda, mkono juu, mdomo wazi, hadi mafunzo yakaisha. Sijui kama kuna aliyekuwa na mzazi kitandani saa hiyo. Sitaki kujua. Nataka kujua. Sijui.

Daphine aliuliza kama mzee ni mgonjwa. Nikasema ni mkaidi. Nilisema hivyo, na sikuliamini neno langu hata nilipokuwa nalitamka. Mtu mkaidi anabisha. Huyu hakubisha.

Jumatano, 8 Oktoba 2025

Wangila hapokei simu. Mkewe alipokea mara moja, akasema amepumzika.

Faizal ametaka maelezo. Hakupaza sauti, yeye si mtu wa kelele. Alisema mtu akiondoka kwenye kituo kinachoungua, kampuni lazima iulize kama anafaa kuendelea. Litazungumzwa kikao kijacho, mbele ya wote, kwa sababu kila kituo kiliathirika.

Akanitumia rekodi nithibitishe. Nikasikiliza. Sikujua kwamba nina sauti ile ya amri.

Alhamisi, 9 Oktoba 2025

Sikukuu ya Uhuru. Nimelala hadi saa nne na bado nimechoka.

Baba alikuwa anaangalia gwaride kwenye TV. Sauti ameizima kabisa. Wanajeshi wanafungua midomo, mikono inapanda na kushuka, ndani ya nyumba kimya. Nikachukua rimoti niongeze, akasema acha. Nimeishi naye miaka yote hii tangu Mama afariki, na leo ndiyo nimeona kwamba gwaride hulitazama bila sauti.

Nimeamua kwenda Mbale Jumamosi. Daphine atashika zamu yangu.

Jumamosi, 11 Oktoba 2025

Naandika nikiwa chumba cha wageni cha rafiki, hapa Mbale. Nitarudi kesho asubuhi. Miguu imevimba. Lakini lazima niandike leo, kesho nitakuwa nimeshayapunguza.

Nilifika kwa Wangila, mtaa wa Malukhu, saa ya chai. Nyumba ya zamani, ya baba yake, kuta nene, madirisha madogo ya chuma. Mkewe alinipokea vizuri, akanipa malewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyopikwa kwa karanga, pamoja na ndizi, akasisitiza nile kwanza. Nikala. Wingu lilikuwa limekaa juu ya Wanale, na sisi wote tulilitazama kana kwamba ndilo lililonileta.

Wangila alianza yeye. Aliomba msamaha kwa ajili ya zile seva. Kwa Kiingereza, taratibu, kama mtu anayesoma. Alisema aliziwasha mwenyewe siku ile zilipowekwa mara ya kwanza na anajua ameziua. Na wakunga. Hilo alilisema akiangalia vidole vyake.

Kisha akasema sentensi ile niliyomwambia Jumanne, ameisikia mara mbili tu maishani mwake. Mara ya pili ilikuwa kutoka kwangu.

Mara ya kwanza ilikuwa hapo hapo tulipoketi. Alikuwa mtoto mdogo, wakati wa serikali ya wanajeshi. Baba yake alikuwa karani wa kahawa. Ilikuwa asubuhi, baba anakunywa uji kabla ya kwenda kazini. Waliingia askari wawili. Mmoja aliuliza jina. Baba alitaja jina lake, akasimama, akafuta mdomo. Mwingine alikuwa bado mlangoni, hata ndani hakuingia vizuri, akasema, "Peleka Jinja." Basi. Uji ulibaki mezani, na mama yake hakuruhusu mtu kuuondoa hadi jioni.

Mama alijipa moyo. Jinja si mbali, alisema, kuna barabara. Akakusanya nguo za baba, akapanda gari, akaenda. Langoni mwa kambi ya jeshi wakamwambia jina hilo hawalijui. Alirudi. Akaenda tena. Alikwenda mara nyingi hadi watu wa langoni wakawa wanamsalimia. Halafu siku moja hakwenda, na nguo akazigawa.

Wangila alisema kwa muda mrefu hicho ndicho Kiswahili chote alichokijua, maneno mawili.

Nilitaka kusema pole, na hata pole ni Kiswahili.

Akaniuliza babu yangu alikuwa wapi miaka ile. Aliuliza bila ukali, kama mtu anavyouliza unatoka ukoo gani. Nikamwambia ukweli. Babu alikuwa askari. Kambini, Jinja. Akaitikia kwa kichwa. Nadhani alikuwa anajua tangu siku aliponiona, jina langu na sura yangu vinatosha. Akanimiminia chai tena.

Nikamwambia neno hilo limekufa, nitamwambia Faizal Jumatatu, atanielewa. Akakataa. Akasema hapo ndipo ninapokosea, na hili alilisema kwa sauti ya fundi, sauti ninayoijua:

"Ubaya wake ni kwamba neno lenyewe ni sahihi. Kuelekeza, mtu anaonyeshwa njia, anakwenda kwa miguu yake. Ile njia nyingine haimuulizi mtu. Inampeleka. Umechagua vizuri, Ramula. Ndiyo maana siwezi."

Nikamwambia basi aniruhusu nieleze kilichotokea Jumanne, la sivyo watamwondoa, tena amebakiza kidogo astaafu. Akakataa pia. Alisema hajawahi kuwasimulia hata watoto wake. Na hataki Wakenya na Watanzania wakae kwenye skrini zao na vikombe vya kahawa wamwonee huruma.

"Sitaki baba yangu awe sababu ya kiufundi," alisema.

Akaniomba niahidi. Nikaahidi. Sasa nimekaa na ahadi hii kwenye kitanda cha watu.

Jumapili, 12 Oktoba 2025

Nimerudi. Baba alikuwa barazani anamenya karanga. Nilikaa, nikamsaidia kumenya, nikauliza Babu alifanya kazi gani hasa kambini.

Hakushtuka. Alisema stoo. Mablanketi, viatu, masufuria.

Nikauliza kama aliendesha malori. Kama aliwahi kufika Mbale.

Baba aliendelea kumenya. "Alituambia stoo," akasema. "Na mimi kila aliyeniuliza nilimwambia stoo."

Nikangoja. Nilidhani ameishia hapo. Halafu akaanza kuniambia kitu kingine, ambacho sikukiuliza. Serikali ile ilipoanguka, Wanubi, kwa kuwa wengi walikuwa jeshini, walitafutwa nyumba kwa nyumba, awe askari asiwe askari. Nyumba zilichomwa. Walikimbia kuelekea mpakani, yeye akiwa kijana. Kwenye vizuizi vya barabarani walikuwa wanawasemesha watu ili wasikie wanavyoongea. Kiswahili chetu kingetuua. Kwa hiyo yeye alijifanya bubu. Safari nzima. Dada yake alikuwa anawaeleza watu kwa Kiganda kwamba kaka yake hasemi tangu kuzaliwa. Alisema alipofika upande wa pili na kuambiwa sasa sema, ilichukua muda sauti kutoka.

Alisema hajui Babu alifanya nini. Alisema kila nyumba ya Wanubi kuna mtu anauliza hivyo siku moja, na kwamba alikuwa anashangaa mbona mimi nimechelewa.

Niliosha mikono. Nikaenda kulala mchana, na sikulala.

Jumatatu, 13 Oktoba 2025

Nimeshinda nikitafuta neno.

Kupitisha – hilo ni la ukuta wa usalama, unapitisha au unazuia. Kubeba – ombi limebebwa, kama mtoto mgongoni. Kukabidhi – lazima kuwe na mwenye kupokea na kukubali. Kuvusha – zuri sana, lakini linataka mto. Kufikisha – hili limenikaa moyoni siku nzima. Kumfikisha mtu. Lakini najua kasoro yake, nitaieleza mwenyewe kabla Kabula hajaieleza.

Daphine aliuliza kwa nini nahangaika hivi na neno ambalo kila mtu ameshalipenda. Nikamwambia nina sababu, siwezi kuitaja. Akaniangalia. Akasema basi atapiga kura pamoja nami. Hakuuliza tena. Nilitaka kulia, kwa uchovu tu.

Faizal ameandika ratiba: Jumatano, kura ya maneno kwanza, kisha suala la Mbale. Kikao kimoja. Nikampigia Wangila nimwambie, kwa Kiingereza. Akashukuru. Akauliza Baba anaendeleaje. Nikasema hajambo. Tukaagana.

Jumanne, 14 Oktoba 2025

Leo sina mengi. Seva mpya za Mbale zimefika, Wangila amezifunga peke yake tangu asubuhi. Taa zote kijani kwenye skrini yangu. Amefanya kazi safi kama kawaida yake, kana kwamba kesho hakuna kikao.

Jumatano, 15 Oktoba 2025

Naandika kikao kikiendelea. Daftari liko magotini, chini ya meza. Sijawahi kufanya hivi.

Kura imekwisha. Nilitoa *kufikisha*, nikalitetea nilivyoweza. Nilisema *kupeleka* linasema ombi limeondoka tu, halisemi limefika wapi. Kabula akajibu kwamba hiyo ndiyo maana halisi, kwa sababu maombi mengine hayafiki. Tukiandika kwenye ripoti ya hitilafu kwamba ombi limefikishwa lakini halikufika, tutakuwa tunaandika uongo. Yuko sahihi. Nilijua atasema hivyo. Faizal akaniuliza kama nina sababu nyingine, akasema anaona kuna kitu nyuma yake na yuko tayari kusikia. Nikaangalia kisanduku cha Mbale kwenye skrini. Kamera imezimwa, jina tu: Wangila. Nikasema sina.

Mimi na Daphine dhidi ya wengine wote. Mbale haikupiga kura. *Kupeleka* limepita.

Sasa suala la pili. Faizal ameiweka ile rekodi tuisikie. Sauti yangu tena. Peleka Jinja. Peleka yote Jinja. King'ora. Mlango. Mtu mmoja wa Kisumu alisonya, nadhani hakujua maiki yake iko wazi.

Faizal amemuuliza Wangila, kwa heshima, amemwita mzee: je, maelekezo aliyapata? Je, aliyaelewa? Je, kuna jambo ambalo kampuni inapaswa kulijua kabla haijaamua?

Nilidhani mtandao umekatika.

Kamera ya Mbale imewaka. Yuko chumba cha seva, amevaa koti na tai. Sijawahi kumwona na tai.

"Mimi nitasema," amesema. "Nitasema na Kiswahili, ndiyo musikie nyote."

Daphine amenishika mkono. Kabula ameacha kuandika. Sauti yake kwa Kiswahili ni nyingine, nyembamba, inatafuta njia. Sauti ya mtu mdogo kuliko yeye.

"Tulikuwa Malukhu. Nilikuwa mutoto. Baba yangu alikuwa nakunywa uji."

Faizal amevua miwani. Ameuliza kwa sauti ya chini kama azime kurekodi. Wangila amesema hapana, wacha irekodi.

Anaendelea. Jina la baba yake amelitaja, jina kamili, mara mbili, kama anayempa mtu aliandike. Mimi Jumamosi hakunitajia. Askari wameingia. Mmoja ameuliza jina. Baba amesimama.

"Ile mwingine alikuwa kwa mlango," amesema. "Akasema –"

Amesimama hapo. Midomo inatembea, sauti haitoki. Nyuma yake kipoza hewa kipya kinavuma, taa zote kijani. Hakuna mtu anayekohoa, Kisumu wala Mwanza. Faizal hamharakishi.

Neno analolitafuta nalijua. Kidole changu kiko juu ya kitufe cha maiki. Sikiondoi. Sibonyezi.